Sauti ya Sebuleni

Siku washenga walipokuja kumposa binti yake Bupe, Subilaga alimwomba kaka yake akae chumba cha nyuma.

Hakumwambia kwa ukali. Alimpelekea chupa ya chai, chapati tatu na daftari lake la mazoezi, akasema, "Kaka, leo wageni ni wengi, na kelele zinakuchosha. Pumzika huku. Wakiondoka nitakuita tule."

Ambokile alimtazama. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na saba, mwenye mikono mikubwa ya ufundi ambayo siku hizi haikuwa na kazi. "Mimi ni mjomba wa mtoto," alisema. "Mjomba hakai na washenga?"

"Baba yake mdogo yupo. Anatosha."

"Sawa." Akafungua daftari, akaandika kama alivyofundishwa, kwa kusema maneno kwa sauti ya chini: "Wageni. Nakaa chumbani mpaka niitwe." Halafu akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto, kuhakikisha Shahidi yumo.

Shahidi alikuwa kidude kidogo, ukubwa wa punje ya harage, na Ambokile alikuwa anakaribia mwezi wa nane tangu apewe. Dawa za skizofrenia zilikuwa zimezipunguza zile sauti alizokuwa akizisikia peke yake, lakini hazikuzimaliza, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umemwachia akili iliyochoka. Alisahau alikotumwa. Kazi ya hatua tano ilimshinda kwenye hatua ya tatu. Kwa hiyo siku tatu kwa wiki alikwenda kituo cha utengamao, Tukuyu mjini, kufundishwa upya kukumbuka, kupanga, kukaza mawazo na kusoma nyuso za watu. Shahidi alisikiliza dunia pamoja naye. Ambokile akiwa na shaka, alikigusa, nacho kikamnong'oneza jibu moja kati ya matatu: nimesikia, sikusikia, au sijui.

Sheria ya Sauti ilikataza kifaa hicho kutunza maneno ya watu. Kilibakiza alama tu, kwamba dakika fulani, mahali fulani, mtu fulani alisema. Na kwa kuwa kifaa nacho hukosea, kikadanganywa na mwangwi au redio ya jirani, kila mgonjwa alikuwa na mdhamini, mtu mmoja wa karibu aliyeruhusiwa kusahihisha zile alama. Siku ya kwanza mtaalamu wa kituo, Bi. Kyando, alimuuliza Ambokile, "Ni nani akikwambia ukuta huu ni mweupe utamwamini, hata kama wewe unauona mweusi?" Ambokile alimnyooshea kidole dada yake kabla swali halijaisha.

Washenga walitoka Kyela, watu sita, wakiongozwa na Bi. Anyosisye, shangazi wa Lugano, kijana anayeposa; mama mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Walikula, wakasifu chai, wakasifu nyumba. Kisha yule shangazi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu:

"Na kaka yako, fundi Ambokile? Zamani alikuja kwetu kututengenezea mashine ya kukoboa mpunga. Akaweka sikio kwenye chuma, akasema ubovu uko hapa. Watu wakacheka, lakini ulikuwa hapo hapo. Yuko wapi siku hizi?"

Mwaka uliotangulia posa nyingine ya Bupe ilikuwa imekufa hivi hivi. Wageni walimkuta Ambokile uani akijibizana na mtu asiyeonekana, wakanywa chai nusu kikombe, hawakurudi. Baadaye maneno yakafika sokoni kwamba maradhi ya kichwa hufuata damu.

"Alitutoka," alisema Subilaga. "Huu mwaka wa tatu."

Shemeji yake, baba mdogo wa Bupe, alikohoa na kutazama sakafu. Bupe, aliyekuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe, alisimama palepale.

"Pole, mwanangu," alisema Bi. Anyosisye, na macho yake yakalowa kweli. "Mtu mwema yule. Tusimameni tumwombee."

Wakasimama wote. Subilaga naye alisimama, akafumba macho. Katikati ya maombi alisikia ndala za kaka yake zikisogea nyuma ya pazia la korido, kama za mtu aliyekuwa hapo tangu mwanzo. Zikakoma. Baada ya amina, zikarudi zilikotoka, polepole.

* * *

Asubuhi yake Ambokile alimkuta uani akichambua mchele. Akavuta kigoda, akafungua daftari.

"Subi, nina swali. Nimeliandika lisinipotee." Akasoma: "Jana saa tisa, nikienda kunywa maji, nimesikia Subilaga akisema nimekufa. Kisha watu wakaniombea." Akainua macho. "Nilimgusa Shahidi. Akasema amesikia. Sasa nakuuliza wewe."

Kama angeuliza kwa hasira, huenda Subilaga angesema kweli. Lakini Ambokile aliuliza jinsi alivyofundwa: andika, pima, muulize mdhamini wako. Alikuwa ametulia kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu na anataka mwalimu aikague.

"Kaka jamani!" Subilaga alicheka. "Mimi niseme umekufa? Hizo ni zile sauti zako. Mwaka jana si zilikuwa zinakuimbia hayo hayo ya kifo?"

"Lakini Shahidi..."

"Shahidi amesikia watu wanaongea, na watu walikuwepo. Waliombea chakula. Ngoja nimsahihishe."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua kishikwambi chake, akaitafuta ile alama. Iliandikwa saa tisa na dakika kumi na mbili, sauti ya Subilaga, sebuleni. Akagusa neno "Haikuwepo", kisha akaweka kidole gumba kuthibitisha.

Ambokile aliinamisha kichwa akisikiliza kinachonong'onwa. Mabega yake, ambayo Subilaga hakuwa ameona jinsi yalivyokazana, yakashuka.

"Afadhali," alisema. "Afadhali iwe ugonjwa. Sikulala, Subi. Nilikuwa nakuwazia vibaya. Nisamehe."

"Yamekwisha, kaka."

"Hapana. Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe," alisema Subilaga, akainamia ungo, asiweze tena kuona ipi ni punje na lipi ni jiwe.

* * *

Baada ya wiki mbili Bi. Kyando alimwita Subilaga kituoni. Alimpeleka kwenye kioo cha chumba cha mazoezi. Ndani Ambokile alikaa peke yake mbele ya vitufe viwili, kimoja cha kijani, kimoja cha njano.

"Ninampigia sauti thelathini," alisema Bi. Kyando. "Mlango, mbwa, mtu anamwita, mashine. Nyingine ninamwambia azitamke moyoni tu. Kazi yake ni kutenga, hii imetoka nje, hii imetoka kwangu. Kila mmoja wetu ana muhuri kichwani wa kugonga sauti yake ya ndani, kwamba hii ni yangu. Kwa kaka yako muhuri huo wakati mwingine haugongi, ndiyo maana wazo lake humjia kama mtu mwingine anaongea. Hatuna muhuri mpya wa kumpa. Tunamfundisha kukagua. Sauti imetoka upande gani? Wenzangu wamegeuka? Alikuwa anapata ishirini na sita kati ya thelathini, Mama Bupe. Nilikuwa nimeshaandika barua arudi kiwandani kwa majaribio."

"Na sasa?"

"Kumi na moja. Cha ajabu, sauti za ugonjwa hazijaongezeka. Anazikataa za kweli. Juzi nimemwita kwa jina mara tatu, hakugeuka. Nilipomgusa bega akasema, 'Nilidhani ni mimi.'"

Nyuma ya kioo mbwa alibweka kwenye spika. Ambokile alisita, akabonyeza njano. Kutoka kwangu.

"Kuna lililotokea nyumbani?" aliuliza Bi. Kyando.

"Hakuna."

"Sikuulizi kwa ubaya. Nimepitia kumbukumbu zenu. Wadhamini wengine husahihisha ovyo mpaka mgonjwa anachanganyikiwa. Wewe umesahihisha mara moja tu tangu tuanze. Ninakutolea mfano kwa wengine."

Subilaga alikitazama kioo. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja pale, na Bi. Kyando alikuwa mtu ambaye angeipokea bila kelele. Lakini barua ya Kyela ilikuwa imefika siku ile ile, tarehe ya kikao cha mahari imepangwa.

"Hakuna kitu, Bi. Kyando," alisema.

"Basi itabidi nimwombe daktari apandishe dawa."

Dawa ilipandishwa. Ambokile akawa anaamka saa nne, ulimi mzito, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Subilaga alimfuta kwa leso kila asubuhi, kwa upole mwingi, na Ambokile kila asubuhi akamshukuru.

* * *

Majaribio ya kiwandani hayakufutwa. Bi. Kyando aliyasogeza mbele wiki moja, akaandika kwamba huenda mazingira aliyoyazoea yakamrudisha. Kilikuwa kiwanda cha chai cha ushirika, na mashine zake zote zilikuwa na vihisio vya kupima joto na mtetemo. Hata hivyo mafundi wa zamani walikuwa wakisema Ambokile alijua beringi inataka kufa siku mbili kabla ya kihisio. Msimamizi wa zamu alikuwa Asajile, aliyefanya naye kazi miaka kumi na sita. Alimpokea kwa kumkumbatia mbele ya watu.

"Tembea tu, ndugu yangu," alimwambia. "Sikiliza. Ukisikia lolote, inua mkono. Mimi nitazima."

Subilaga, kama mdhamini, aliruhusiwa kusimama nyuma ya mstari wa njano. Alimwona kaka yake akipita mashine ya kusaga majani, akapita ya pili, akafika kwenye feni kubwa za kikaushio. Hapo akasimama. Akainamisha kichwa kushoto, jicho moja limefumba kidogo, na Subilaga akaikumbuka ile sura, sura ya mtu anayejua. Ambokile aligusa nyuma ya sikio. Akasikiliza. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda, ukafika kifuani.

Ukashuka. Akatoa daftari, akaandika, akaendelea na safari yake.

Hazikupita dakika nne. Feni ya pili ilipiga yowe moja refu, mkanda wake ukakatika na kuruka kama nyoka, ukampiga Asajile mkononi alipokuwa akikimbilia swichi. Mfupa ulivunjika kwa mlio ambao Subilaga aliusikia licha ya mashine zote zile.

Wakati Asajile anafungwa ubao na watu wa huduma ya kwanza, meneja aliliokota daftari lililoanguka, akasoma, akampa Subilaga. Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka lakini unasomeka. *Beringi ya feni ya pili inalia. Shahidi amesikia. Lakini Shahidi alishasema hivyo siku ile ya wageni na ikawa si kweli. Bora niache.*

Ambokile alikuwa amechuchumaa kando ya rafiki yake, akiushika ule mkono mzima, akirudia, "Nisamehe. Nisamehe, Asajile. Kichwa changu hiki. Nisamehe."

* * *

Mchana ule, Ambokile amelala kwa dawa, Subilaga alikaa mezani na kishikwambi. Alama ilikuwa bado ipo. Chini yake maneno matatu: Ilikuwepo, Haikuwepo, Sijui. Alikitazama kidole chake kikielea juu ya lile la tatu. Akiligusa hilo, Shahidi angemnong'oneza Ambokile kwamba jambo lile halina uhakika, na huenda hilo lingetosha kumlegeza. Hakuna ambaye angehitaji kusimama mbele ya yeyote.

"Ukiweka sijui," alisema Bupe nyuma yake, "nani atakuwa hajui?"

Subilaga hakugeuka.

"Mimi nilisikia, mama. Baba mdogo alisikia. Wageni sita walisikia. Mjomba peke yake ndiye aliyeambiwa hakusikia." Bupe akavuta kiti, akakaa kando yake. "Na mimi nimenyamaza mwezi mzima kwa sababu nampenda Lugano. Usifikiri nakuhukumu wewe tu."

"Posa ikivunjika tena?"

"Itavunjika."

Ambokile aliamka saa kumi. Subilaga alimwekea ndizi na maharage, akamwacha ale mpaka amalize, kisha akakaa mbele yake.

"Kaka, Shahidi yuko macho?"

"Yuko."

"Basi asikie." Alikuwa amepanga maneno mengi, ya posa iliyokufa, ya sokoni, ya kulea mtoto bila mume. Yote yakamkimbia. "Siku ile ya wageni nilisema umekufa. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, sebuleni. Ulisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika haikuwepo."

Ambokile alipeleka mkono nyuma ya sikio. Akasikiliza.

"Amesema nini?" aliuliza Subilaga.

"Amesema amesikia." Akaondoa mkono sikioni. "Rudia."

Akarudia. Ambokile akavuta daftari, akaanza kuandika neno kwa neno, mkono mzito. "Ulisema 'alikufa' au 'alitutoka'? Mimi nilisikia 'alitutoka', lakini kwenye daftari niliandika kufa."

"Alitutoka."

"Halafu mkaniombea."

"Tukakuombea."

"Na wewe ulifumba macho?"

Subilaga alitamani apigwe kofi. Angelipokea kwa shukrani. "Nilifumba," alisema.

Ambokile aliandika hilo pia. Akaweka kalamu chini, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza. "Nilikuomba msamaha," alisema. "Kwa kusikia."

"Kaka..."

"Asajile mkono umevunjika, Subi. Ile beringi niliijua. Niliijua kama ninavyojua jina langu." Alisimama, akashika kiti kwa sababu dawa ilimyumbisha. "Kesho twende kituoni. Nataka mdhamini mwingine. Na wale wa Kyela uende mwenyewe. Mimi siendi kujionyesha kwa watu kwamba nina uhai."

* * *

Bi. Anyosisye alimpokea Subilaga barazani, hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mpunga.

"Ugonjwa tungekalia kikao," alisema hatimaye. "Kwetu pia watu huugua. Lakini mtu anayemzika ndugu yake mzima ili amwoze binti, siku sisi tukilala kitandani atatufanyia nini?" Hakupaza sauti. "Mambo haya yasubiri baada ya mavuno. Lugano akimtaka bado, atasema mwenyewe. Mimi siwezi kumsemea."

Bupe alipoambiwa, alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Kubadilisha mdhamini kulichukua siku tisa. Ambokile alimchagua Asajile, naye akaja na mkono kwenye plasta ngumu, akatia kidole gumba cha mkono mwingine. Daktari alikuwa ameirudisha dawa kwenye kipimo cha zamani. Bi. Kyando alifanya kazi yake bila kumtazama Subilaga, si kwa chuki, bali kama mtu aliyesoma kitu kwa makosa na sasa anakisoma upya. Mwisho akamsogezea fomu.

"Hapa panahitaji sababu ya kuondoka. Unaweza kuandika 'kwa hiari'. Fomu inaruhusu."

Subilaga alichukua kalamu. Aliandika: *Nilimdanganya kaka yangu kwamba alichosikia ni ugonjwa, ili kuficha aibu yangu.* Akatia sahihi.

Ambokile aliivuta fomu, akaisoma yote, kidole kikipita chini ya kila neno. Akairudisha kwa Bi. Kyando. "Ameandika vizuri," alisema. Kisha akamgeukia Asajile. "Twende. Saa tatu ni mazoezi ya sauti."

Subilaga alinyanyuka kuwafuata, kwa mazoea. Bi. Kyando alimgusa mkono mlangoni. "Mdhamini tu ndiye anayeingia, Mama Bupe. Wengine husubiri nje."

Nje palikuwa na benchi refu la ndugu wa wagonjwa. Miezi yote ile alikuwa akipita hapo bila kukaa, khanga imeshushwa usoni, asije akaonwa na mtu wa sokoni. Safari hii alikaa. Mama mmoja wa makamo, mwenye kikapu cha maparachichi, alisogea kumpisha nafasi.

"Una nani humo ndani, dada?"

"Kaka yangu," alisema Subilaga. "Wa kuzaliwa naye. Ambokile Mwaikenda, fundi wa kiwanda cha chai."

"Namjua! Anaendeleaje?"

"Alikuwa anaendelea vizuri sana. Mimi ndiye niliyemrudisha nyuma."

Yule mama alimtazama, akangoja aendelee, na alipoona haendelei akaangalia pembeni. Akakivuta kikapu chake karibu na miguu. Kupitia dirishani ilisikika sauti ya Bi. Kyando ikiita jina la Ambokile mara moja, ikanyamaza. Subilaga akainamisha kichwa, akangoja kusikia kama atajibu.